Kamba ya kuanikia ya mwavuli: ninavyoiona baada ya kuitumia hapa Dodoma, kwa sisi tunaofua kwa mkono

Hizi kamba za kuanikia zinazofunguka kama mwavuli, zile za nguzo moja katikati na mikono minne, majirani na ndugu wananiuliza sana kama zina kazi kweli au ni urembo wa uani. Zina kazi, tena kubwa, mimi natumia mwaka wa pili huu na kwenye waya sirudi. Ila kuna jambo moja muuzaji hakwambii na kwenye boksi halijaandikwa, nalo ni kwamba kifaa hiki kimebuniwa kwa mtu ambaye nguo zake zinatoka kwenye mashine zikiwa zimeshazungushwa zikakamuliwa, na sisi wengi wetu tunafua kwenye beseni tunakamua kwa mikono. Ukilijua hilo mapema utachimba shimo la maana, utapanga nguo sawasawa na kitu kitadumu. Usipolijua utaishia kusema umeuziwa feki.

Nieleze kwanza nilichonunua. Nguzo ya aluminiamu, mikono minne, kamba ya nailoni iliyovikwa plastiki, jumla mita 50. Hizo mita 50 zisikutishe ukadhani unahitaji uwanja wa mpira, kamba imezungushwa mistari nane toka ndani kwenda nje, mstari wa nje kila upande una mita 2 na ushee na ule wa ndani kabisa una kama mita moja. Ikifunguka yote, toka ncha ya mkono mmoja hadi ncha ya ule unaoukabili ni karibu mita 3, kwa hiyo ukiwa na eneo la wazi la mita tatu na nusu kwa tatu na nusu inazunguka bila kugusa ukuta wala tenki la maji. Nililipa laki moja na elfu themanini, Kariakoo, nikatumiwa kwa basi. Boksi ni refu ila jepesi, konda hakulalamika.

Kwenye boksi kulikuwa na nguzo yenyewe, mkuki wa kuchomeka ardhini, mfuko wa plastiki wa kuifunika ikiwa imefungwa, na karatasi ya maelezo yenye picha tupu bila maneno. Skrubu mbili za kukazia kichwa cha juu hazikuwemo. Nikampigia aliyeniuzia, akasema "dada hizo ndivyo zinavyotoka kiwandani, nunua tu hapo hardware". Nilizipata kwa bei ndogo sana lakini hilo jibu halikunifurahisha na sijalisahau, mtu kakulipa hela yake yote unamtumia kitu pungufu halafu unamwambia akamalizie mwenyewe. Kwa hiyo ukinunua, fungua boksi mbele ya muuzaji, tazama mikono yote minne, vuta ile kola ya chini, yaani pete inayoteleza kwenye nguzo na kushika mikono, ipande mpaka ilie "ta", izungushe, ifunge tena, ndio utoe hela.

Sasa kwa nini niliachana na waya. Kabla ya hapo tulikuwa na waya wa binding umefungwa toka kwenye nondo ya dirisha mpaka kwenye mwarobaini. Kila mwenye mtoto wa shule anajua huo waya unafanya nini kwenye shati jeupe: mstari wa kutu wa kahawia unaokatiza mgongoni, na kutu haitoki kwa sabuni ya kawaida, wala jiki haisaidii kitu. Juu ya mwarobaini kuna ndege, sina haja ya kueleza zaidi. Halafu kamba ndefu ya upande mmoja ina tatizo la kukatiza uani mzima, watu wanainama kupita, mtoto anakimbia usiku anakabwa shingo. Hii ya mwavuli nikishaanua nguo naikunja, naichomoa, naisimamisha nyuma ya mlango wa stoo, uani unabaki wazi kabisa na mgeni akija hajui hata kama kuna sehemu ya kuanikia.

Nirudi kwenye lile jambo la mashine, maana ndio roho ya haya ninayoandika.

Mashine ya kufulia ikizungusha nguo kwa spidi ya mizunguko 1,000 au 1,400 kwa dakika, nguo za pamba zinatoka na maji kama nusu ya uzito wao, au zaidi kidogo. Mkono wa binadamu haufiki hapo hata uwe na nguvu namna gani. Nguo ya pamba uliyoikamua kwa mkono inabaki na maji ya uzito wake wenyewe na mara nyingi zaidi ya hapo. Chukua suruali ya jinsi ya mwanaume, kavu ina kama gramu 700, ukiitoa kwenye beseni ukaikamua vizuri unaanika kilo moja na nusu. Taulo kubwa hivyohivyo. Ukiweka jinsi nne upande mmoja kwenye mstari wa nje umetundika kilo sita, tena mbali na nguzo, na uzito ulio mbali unavuta kuliko ulio karibu, ni sawa na kushika ndoo ya maji mkono ukiwa umenyooka. Hapo ndipo nguzo inapoinama, kamba zinalegea kama za mwaka wa kumi, na kile kiungo cha plastiki pale mkono unapokutana na kola kinaanza kulia.

Nifanyavyo mimi, na nawashauri wote mnaofua kwa mkono, usitoe nguo kwenye maji ya kusuuza ukapeleka moja kwa moja. Kuna benchi la mbao hapo kwenye karo, nguo nzito zote zinalala hapo zimekunjwa mara mbili, zichuruzike wakati mimi naendelea kufua nyepesi. Nikimaliza kanga, mashati na nguo za watoto nikaanika, zile jinsi na mataulo zimeshashusha maji mengi zenyewe. Shuka tunakamua wawili, mmoja huku mmoja kule, tunasokota mpaka ligome. Blanketi silipeleki kabisa huko, blanketi mahali pake ni ukutani.

Na nguo zipangwe kwa kukabiliana. Ukiweka taulo upande wa mashariki, linalofuata liende magharibi. Sio jinsi zote huku na vitambaa vyote kule. Ukifanya hivyo nguzo inasimama wima na inazunguka laini hata kwa kidole.

Kingine, mstari na mstari havijaachana sana, haifiki sentimita 10. Kwa nguo zilizotoka kwenye mashine sawa, kwa zetu zenye maji mengi ukijaza mistari yote nane zinabanana, upepo haupiti katikati, za nje zinakauka za ndani zinaanza kunuka uvundo. Mimi naruka mstari mmoja mmoja. Kwa hiyo ukweli wa mita 50 kwangu ni kama mita 25 hadi 30 za kazi, na ndivyo mnunuzi anavyopaswa kupiga hesabu. Familia ya watu watano wanaofua mara mbili kwa wiki inawatosha. Mnaofua mlima wa wiki nzima Jumamosi moja haitawatosha, hapo mtaongeza kamba ya pembeni.

Tuje kwenye shimo. Ule mkuki uliokuja nao ni wa kuchomeka kwenye bustani yenye nyasi na udongo laini unaolowa mvua mwaka mzima. Udongo wetu hapa kiangazi unakaza kama zege, hata mtalimbo unarudi, na mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili unageuka tope. Fundi wangu aliushika ule mkuki akaugeuza mara mbili akasema, "Dada, hii itasimama mpaka mvua ya kwanza." Akauweka pembeni, tukafanya kazi ya zege.

Shimo upana sentimita 40 kwa 40, kina 60. Chini akamwaga kokoto kavu kama sentimita 10 ili maji yanayoingia kwenye paipu yapate pa kushukia, hili msiliruke, maji yakituama mle ndani mnatengeneza makazi ya mbu uani kwenu. Juu ya kokoto akasimamisha kipande cha paipu ambacho nguzo inaingia kwa kubana kidogo bila kugoma, mdomo wa juu akauziba na plasta ya karatasi zege lisiingie, kisha zege moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji ndoo moja, mchanga ndoo mbili, kokoto ndoo nne. Kabla zege halijashika akaingiza nguzo yenyewe akaweka pima maji pande mbili, akaisogeza nywele kidogo kushoto, akaangalia tena, akaisogeza tena. Nilimwona anarudia mpaka nikataka kumwambia inatosha, kumbe pale ndipo penye kila kitu, ikiinama kidogo tu inajizungusha yenyewe kuelekea upande ulioinama na nguo zote zinajikusanya huko. Akaichomoa, akaniambia nimwagilie maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, nisitundike hata leso. Elfu ishirini na tano ya ufundi nilimpa kwa moyo mweupe. Mdomo wa paipu uko sawa na ardhi na una kifuniko, ukipita hapo hujikwai.

Kwa waliopanga nyumba, hili la zege ongeeni na mwenye nyumba kwanza, wengi hawakatai ukimwonyesha kwamba kinachobaki ni tundu dogo lenye kifuniko. Ukihama nguzo unaondoka nayo, paipu unamwachia.

Ukaukaji sasa. Watu wengi wanadhani nguo inakaushwa na jua. Jua linasaidia, ila anayefanya kazi kubwa ni upepo na ukavu wa hewa. Dada yangu yuko Dar, Mbagala, masika ile ya mwezi wa nne jua likitoka linachoma kweli lakini hewa imejaa maji, shati linashinda nje mchana kutwa na jioni kola bado mbichi. Hapa Dodoma kipupwe, mwezi wa saba, jua halina hata makali, watu wamevaa majaketi, lakini upepo ni mkavu, kanga inakauka kabla hujamaliza kupika chai ya saa nne. Kwa hiyo aliye Dar au Tanga au Mombasa ajue hii kamba itamsaidia kwa sababu inazunguka na inaweka nguo juu penye upepo, ila isimdanganye kwamba itashinda unyevu wa masika, asijaze mistari hata kidogo miezi hiyo.

Kuzunguka kwenyewe ndio raha yake. Unasimama sehemu moja na beseni lako miguuni, unaanika unasukuma, unaanika unasukuma, hutembei. Mama mkwe alipokuja kututembelea, magoti yake yanamsumbua, akavuta kigoda akakaa hapo chini, akawa anatundika soksi na nguo za wajukuu anazungusha taratibu. Akaniambia, "Mwanangu, hii mngenitafutia na mimi." Tunamtafutia kweli. Ile kola ina vitundu vya kupandisha na kushusha, kwa mtu mfupi au anayekaa unaiweka chini, kwa kanzu na magauni marefu unaipandisha pindo lisiburuze mavumbini.

Upande wa stara pia nimeupenda sana. Nyumba zetu hizi uani ni pa watu wote, wapangaji, wageni, mzee wa nyumba na wageni wake. Nguo za ndani naweka mistari ya katikati karibu na nguzo, mistari ya nje nazungusha kanga na mashuka. Kanga moja ina kama mita moja na nusu, inakaa vizuri kwenye mstari wa nje bila kukunjwa, doti moja na kashuka kadogo vinafunika upande mzima. Nguo za ndani zinapigwa na hewa kama kawaida na hakuna anayeziona. Zamani watu walikuwa wanaanika chumbani nyuma ya mlango au chini ya nguo nyingine, zinakauka nusunusu, halafu tunashangaa muwasho na fangasi.

Upepo wa hapa lakini una adabu zake. Mwezi wa nane na wa tisa unavuma mpaka kamba inazunguka spidi, na shuka likishikwa upande mmoja tu linajisokota kwenye nguzo. Dawa ni vibanio, kila nguo viwili, shuka vinne, na vya mbao vyenye springi nzuri sio vile vya plastiki vinavyopasuka jua la wiki mbili. Ukiona chamchela inakuja, zile za mchana zinazobeba vumbi jekundu na mifuko, kimbia kaanue, usisubiri uone, nguo zote zitarudi kwenye beseni. Na kila kabla ya kuanika pitisha kitambaa kibichi kwenye kamba, vumbi la jana linashika hapo na linaacha alama kwenye nguo nyeupe, ni kazi ya dakika mbili tu.

Nguo za rangi geuza, ndani ije nje, jua la hapa linapausha nyeusi na bluu haraka. Na tafadhali sana, vyandarua vyenye dawa msianike hapa. Chandarua cha dawa kinaanikwa kivulini, jua kali linaiua ile dawa na mnabaki na neti tu. Mimi changu kinakaukia barazani.

Kuna suala la afya nitaligusa harakaharaka. Bado tuna watu wanatandaza nguo kwenye majani, kwenye michongoma, au chini mchangani. Kuna aina ya inzi anataga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi hasa za kivulini, yule mdudu mdogo anaingia kwenye ngozi anatoa kitu kama jipu, nimemwona mtoto mchanga nazo mgongoni na inauma kuangalia. Nguo ikiwa juu, ikakauka kabisa, na ikapigwa pasi ya moto pande zote, hasa nepi na mishono, unakuwa umemkinga mtoto. Kamba ikikusaidia kwa hilo tu hela yako imerudi.

Hawa waliozipenda tangu zamani ni Waaustralia. Gilbert Toyne alikuwa anasajili miundo ya kamba za kuzunguka tangu 1911, na ile iliyokuja kuwa maarufu nchi nzima ilianza kutengenezwa Adelaide mwaka 1945 na Lance Hill. Zile ni za chuma kizito hazikunjiki, unazungusha mkono wa gia ipande juu. Ukiangalia mafundi wa jua kali Nairobi wanachochomelea kwa bomba za chuma ni ndugu wa zile, na hata hapa kwetu fundi wa grili anaweza kukutengenezea ukimpa vipimo. Kwa familia kubwa inayofua kwa mkono nadiriki kusema ya chuma ya fundi inabeba kuliko hii yangu, shida yake ni kutu, lazima ipakwe rangi vizuri hasa kwenye viungo, na ikishasimama imesimama, huikunji.

Yaliyoharibika kwangu mpaka sasa: ule mfuko wa kufunikia umepasuka vipandevipande kwa jua, usiutegemee. Kiungo kimoja cha plastiki kina ufa mdogo, nimekifunga kwa waya laini na kinafanya kazi. Kamba zimelegea kidogo, ila mikono ina vitundu vya kukazia, unasogeza hatua moja mbele zinakaza. Aluminiamu haina doa la kutu hata moja. Nyota nne kwa tano, ile moja nimeitoa kwa ajili ya viungo vya plastiki na skrubu zilizokosekana.

Wenye watoto, hili ni la lazima: wakiona mikono ile wanataka kuning'inia wazunguke. Mkono utavunjika na mtoto ataumia, na ncha zake ziko usawa wa macho ya mtu mzima. Ukimaliza kuanua, kunja. Kila siku, hata kama utaanika tena kesho.

Kamba ikichakaa huna haja ya kununua nzima. Hardware wanauza nailoni iliyovikwa plastiki kwa mita, chukua unene uleule, ongeza mita tano juu ya zile 50 kwa ajili ya mafundo, na usichukue ile manila ya bluu, inavutika na jua linaila inabaki nyuzinyuzi zinazoshika kwenye nguo. Anza kufunga mstari wa ndani kwenda nje, mikono ikiwa imefunguka nusu, halafu ukishafunga fundo la mwisho ndio uifungue yote ijikaze yenyewe. Mwambie mtu akushikie mkono unaokabili ule unaoufunga, peke yako inachosha.